Uzuri Nje ya Bomba, Nguvu Ndani Yake: Mwongozo wa Kubadilisha Njia ya Hewa ya Injini

Fundi akikufungulia boneti na kukuonyesha sanduku jeusi la plastiki lenye filta ya hewa, mpira uliochakaa na bomba lililojificha nyuma ya taa, ni rahisi kukubali kwamba pale pana nafasi ya kitu cha kupendeza zaidi. Bomba la alumini linalong'aa, filta ya koni iliyo wazi, mdomo wa hewa uliotobolewa juu ya boneti, au bomba linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa: vyote vinauzwa, na vyote huja na ahadi ileile, kwamba injini itapumua vizuri na gari litapanda mlima. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye gari wa Nzahaha, nchini Rwanda, au jirani wa Rwimbogo, Muganza na Bugarama, unayefikiria kutoa pesa kwa kazi hiyo. Ninachoshikilia ni hiki: uzuri na nguvu ni kazi mbili, kila moja na bajeti yake. Uzuri ufanyie sura ya nje ya bomba, na nguvu uitafute katika hewa inayopita ndani, yaani katika ubaridi wake, usafi wake na wingi wake. Anayezichanganya kazi hizi mara nyingi hununua uzuri kwa nguvu aliyokuwa nayo tayari.

Anza na mlima wenyewe, kwa sababu ndio unaokusukuma kutafuta nguvu. Injini haipati nguvu kwa petroli peke yake. Kila kilo ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na katika injini isiyo na turbo hewa hiyo husukumwa ndani na uzito wa anga tu. Mombasa au Dar es Salaam, usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye bonde la Bugarama, ukingoni mwa mto Ruzizi, ambako ardhi ya Rwanda hushuka hadi kima chake cha chini kabisa cha mita 950 hivi, shinikizo hilo limebaki kama 90. Mjini Kamembe, karibu mita 1,590, ni kama 84. Ukishika njia ya Huye na kuupanda msitu wa Nyungwe hadi Uwinka, juu ya mita 2,400, ni kama 75. Kwa hiyo gari lililoondoka Bugarama likiwa zima hufika Uwinka likiwa limepungukiwa na karibu asilimia 17 ya shinikizo la hewa, na hakuna fundi aliyeligusa. Baridi ya msituni hufidia sehemu ndogo ya hasara hiyo, kwani hewa baridi ni nzito zaidi. Weka tarakimu hizi kichwani, kwa sababu ndizo mizani ya kila ahadi utakayopewa gereji.

Hakuna anayebisha kwamba hewa ni nguvu, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye mashindano. Mwaka 1995, katika mbio za Catalunya nchini Hispania, wakaguzi wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, waliikuta timu ya Toyota imeficha ujanja kwenye turbo za Celica zake, gari la ukoo uleule ambao Ian Duncan wa Kenya alishindia Safari Rally mwaka uliotangulia. Kanuni ilitaka hewa yote ipite katika tundu la milimita 34, na kifaa chao kiliachia hewa ya ziada ipite pembeni. Timu ilifutiwa alama za msimu na kufungiwa miezi 12. Muuza filta angependa kisa kiishie hapo. Lakini hewa ile ya wizi ilizaa nguvu kwa sababu tundu lile liliwekwa kusudi liwe sehemu nyembamba kuliko zote katika njia nzima. Corolla, Carina au RAV4 ya kawaida haina kizibo cha namna hiyo. Mara nyingi kinachoibana zaidi ni throto inayofunguliwa na mguu wako, au vali, au sailensa, na ukilipanua bomba lililo kabla ya hapo umepanua mahali ambapo hapakuwa na foleni.

Usiniamini mimi wala fundi, pima. Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, wa urefu wa mita 3 au 4, na maji yaliyotiwa rangi. Kunja sehemu ya mpira iwe kama herufi U, kila mguu wa U uwe wa zaidi ya nusu mita, uufunge kwenye ubao, uujaze maji nusu. Ncha moja iache wazi. Ncha nyingine iunganishe na kitundu kidogo kwenye bomba la hewa, baada ya filta na kabla ya throto. Mwenzako aushike ubao wima na kusoma, wewe endesha kwa gia ya pili ukipanda mlima, mguu umekandamiza hadi mwisho. Maji yatapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na kila sentimita 10 za tofauti baina ya pande mbili ni karibu kilopaskali 1 inayopotea kwenye filta na bomba lake. Tuseme umepata sentimita 20. Hizo ni kilopaskali 2, na kwa Kamembe ni kama asilimia 2.4 ya hewa yote uliyo nayo. Hiyo ndiyo dari. Hata ungeondoa sanduku, filta na bomba, injini ikavuta hewa bila kizuizi chochote, huwezi kupata zaidi ya hapo, na hata kifaa kizuri kuliko vyote hakitakupa yote kwa sababu nacho kina filta. Ukipata sentimita 40 au 50, tatizo lipo kweli, lakini badilisha filta ya karatasi kwanza na upime tena. Wengi wanaosimulia kwamba gari lilichangamka baada ya kufungiwa koni walikuwa na filta iliyoziba, na filta mpya ya kawaida ingewapa uchangamfu uleule.

Sasa tazama upande wa hasara, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mwenyewe kujua. Kiwanda hakikulipeleka bomba la hewa nyuma ya taa au juu ya ukingo wa radieta kwa kukosa macho ya urembo. Kililipeleka huko kwa sababu huko ndiko kuna hewa ya nje ambayo haijapita kwenye radieta wala karibu na ekzosi. Ukiondoa sanduku na kuacha koni wazi ndani ya boneti, injini inaanza kuvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Chukua siku ya nyuzi 25 nje, na nyuzi 60 chini ya boneti, jambo la kawaida kabisa unapopanda kutoka Bugarama nyuma ya lori lililobeba saruji ya CIMERWA, kwa gia ya kwanza na ya pili, bila upepo wa kupooza kitu. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ile ya nyuzi 25. Umeokoa asilimia moja ya kizuizi, umepoteza kumi ya ubaridi. Tena hewa moto huifanya petroli iwake kabla ya wakati, na kompyuta ya gari, ikisikia injini inagonga, huchelewesha cheche ili kuiokoa, nguvu ikashuka zaidi. Kinachomdanganya dereva ni sikio. Sanduku la kiwanda na vile vyumba vitupu vilivyobandikwa kwenye bomba lake vinameza mlio wa hewa. Ukiviondoa injini inanguruma, na mngurumo huo mtu huusikia kama mwendo.

Mdomo wa hewa juu ya boneti nao hutetewa kwa hoja kwamba gari likikimbia upepo unajisukumiza ndani. Ni kweli unajisukumiza, ila hesabu ya fizikia ni fupi na haina huruma. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, katika hewa ya Kamembe, upepo wote wa mbele ukinaswa bila kupotea unaongeza robo ya kilopaskali, yaani asilimia 0.3. Kwa kilomita 60 ni karibu nusu ya hiyo. Kwenye kona za Nyungwe hakuna mwendo halali utakaokupa faida unayoweza kuihisi. Mdomo unaouona kwenye Subaru Impreza au Forester zenye turbo una kazi nyingine kabisa: unapeleka upepo kwenye interkula iliyolala juu ya injini, ipooze hewa iliyokwisha kubanwa na turbo. Kutoboa boneti ya gari lisilo na interkula ni kuikaribisha mvua juu ya koili na plagi. Ukiupenda sana mdomo huo, bandika ulioziba. Ukitaka uwe na kazi, uunganishe na sanduku la filta lililofunikwa vizuri na lenye tundu la kutolea maji chini yake, na faida yake itakuwa hewa ya nje iliyo baridi.

Vumbi ndilo ninalolihofia zaidi ya yote, kwa sababu hasara yake haionekani leo. Lami ipo kutoka Kamembe hadi Bugarama. Lakini ukiacha lami kuingia vijijini wakati wa kiangazi, vumbi jekundu hukaa hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Punje zake ni mchanga uliosagika, mgumu kuliko chuma cha ringi na kuta za silinda. Zile ndogo zisizoonekana kwa jicho ndizo zinazopenya kwenye utando wa oili na kusaga. Filta nzuri ya karatasi hunasa karibu zote, na hata hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na vumbi kidogo kuliko ikiwa mpya kabisa. Filta za pamba zinazopakwa mafuta si mbaya zote. Zile zilizopimwa kwa kanuni ya ISO 5011 zina matokeo yanayoweza kusomwa. Koni isiyo na jina wala karatasi ya vipimo, inayouzwa kwa rangi yake tu, iepuke. Na ukitumia ya pamba, usiipake mafuta kupita kiasi, kwani yakivutwa hutua kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa na kuiharibia usomaji.

Kuhusu sensa hiyo kuna jambo ambalo mabomba ya kupendeza huliharibu kimyakimya. Kwenye magari yanayopima hewa kwa waya moto, kompyuta inajua upana wa bomba mahali sensa ilipo, na kwa upana huo hukadiria hewa iliyoingia. Ukiihamisha sensa kutoka bomba la milimita 60 kwenda la milimita 76, eneo la bomba limeongezeka kwa asilimia 60, hewa inapita taratibu mbele ya waya, na kompyuta inadhani imeingia kidogo. Inatoa petroli kidogo. Injini inakosa nguvu, inapata moto, inagonga, na taa ya injini inawaka. Corolla na Carina nyingi za zamani zenye injini za 4A-FE na 7A-FE hupima shinikizo ndani ya manifoldi badala ya kasi ya hewa, hivyo zinavumilia zaidi, lakini hakikisha gari lako ni la aina gani kabla ya kununua chochote. Kisha fuata ule mpira mdogo unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye bomba la hewa. Huo hupitisha hewa ya ndani ya injini, na lazima urudishwe upande ulio safi, baada ya filta. Bomba jipya lisilo na kishikio chake humfanya fundi auache ukining'inia, au auzibe. Ukining'inia, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye oili. Ukizibwa, shinikizo linasukuma oili kupitia sili. Sijui kosa dogo kuliko hili linaloua injini nyingi nzima.

Mwenye dizeli ana hesabu nyingine. Hilux yenye injini ya 3L au 5L, au Land Cruiser ya 1HZ, zote bila turbo, hupata nguvu kulingana na dizeli inayopulizwa na nozeli. Ukiongeza hewa bila kuongeza dizeli unapunguza moshi tu, na nguvu inabaki karibu palepale. Hilo si jambo dogo kwa anayepanda Nyungwe na mzigo, ambako hewa inakuwa chache na moshi mweusi unazidi, na ukaguzi wa lazima wa magari hupima moshi pia. Lakini njia yake ni filta safi, nozeli nzima na pampu iliyopangwa sawasawa.

Bomba la kupanda hadi paa linastahili heshima kuliko vifaa vyote nilivyotaja, endapo limefungwa kwa kazi. Maji hayabanwi. Yakiingia kwenye silinda pistoni inakwama na fimbo yake inapinda, na injini inakufa kwa sekunde moja. Mto Rubyiro ukifurika Bugarama, au kijito kisicho na jina kikikata njia ya kijiji, mdomo wa hewa ulioinuliwa una maana, na hata kiangazi husaidia, kwa kuwa vumbi zito hukaa chini. Lakini usalama wake uko kwenye maungio. Kila kiungo kati ya paa na throto lazima kizibwe, na sanduku la filta la kiwanda, ambalo kwa kawaida lina tundu la kutolea maji chini yake, lazima litazamwe upya, la sivyo injini itakunywa maji kwa chini huku bomba likisimama kavu juu. Aina nyingine inayouzwa ni ganda tu, linalobandikwa kwenye bawa la gari bila kutoboa. Kama pambo halidhuru mwendo wa hewa, ila lina hatari ya namna yake: siku utakapolikodisha gari au kumwazima shemeji, yeye ataliamini bomba na kuingia majini. Ukilifunga, mwambie kila atakayeshika usukani, na atakayelinunua gari baadaye.

Mtu atasema magari ya mashindano yana mambo haya yote, na wale si wajinga. Kwenye Safari Rally magari yamewahi kufungwa mabomba ya kuinua hewa juu kwa ajili ya maji. Hasa. Yalifungwa kwa sababu moja iliyojulikana, katika njia iliyokaguliwa kabla, na kila gari lilisubiriwa na mafundi wenye filta mpya mkononi. Gari lako linasubiriwa na safari ya kesho. Mwingine atasema gari ni lake na anataka lipendeze, nguvu haimhusu. Huyo simpingi hata kidogo, na nadhani mafundi wanakosea kumcheka. Kuipenda injini yako hata ukataka kuifungua boneti mbele za watu ni chanzo kizuri cha kuitunza. Tazama injini ya Toyota ya 4A-GE yenye vali 20, iliyotoka mwaka 1991 na throto nne, moja kwa kila silinda: wapenzi wa magari huitazama kwa dakika nyingi, na uzuri wake wote umetokana na kazi yake.

Kwa hiyo anayetaka sura afanye hivi. Osha injini ikiwa imepoa, huku throto, altaneta na viunganishi vya umeme vimefunikwa. Paka kifuniko cha vali rangi inayostahimili joto, kwa sailensa au injini, baada ya kukikwangua hadi chuma. Badilisha mipira iliyopasuka kwa ya silikoni ya rangi uipendayo, yenye kipenyo kilekile cha ndani. Sanduku la filta lenyewe linaweza kupakwa rangi kwa nje, na bomba la alumini linaweza kuwekwa mahali pa lile la plastiki mradi upana, kishikio cha sensa na kile cha mpira mdogo vibaki kama vilivyokuwa, na mdomo wake ufike kwenye hewa ya nje. Ukipenda koni ionekane, ijengee ukuta wa bati unaoitenga na injini na kugusa boneti juu kwa mpira, kisha ipelekee hewa kutoka mbele. Sanduku la kiwanda usilitupe wala kuliuza.

Baada ya kazi, gari linalokubali kisomaji cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, litakupa jibu kwa dakika chache: soma joto la hewa inayoingia huku ukipanda taratibu, ulinganishe na joto la nje. Tofauti ya nyuzi tano au kumi inavumilika. Ikifika thelathini, bomba jipya linavuta hewa ya radieta na halijamaliza kazi yake. Kaza vibano vyote tena baada ya wiki ya kwanza, kwani mipira mipya hulegea ikishapata joto. Na baada ya safari ya kwanza ya njia ya vumbi, fungua bomba upande wa baada ya filta, ulifute kwa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, hata kidogo, tafuta pengo lilipo kabla ya kuwasha injini tena.